Mstari Mwekundu Ulienda Wapi? Historia Fupi ya Nambari za gnuplot

Leo tuache mambo ya tovuti kidogo, tuongee grafu.

Mwaka wangu wa mwisho chuoni nilipima kasi ya algoriti tatu za kupanga orodha, nikachora matokeo kwa gnuplot, ile programu isiyo na vitufe vya kubofya: unaandika amri, inachora. Kazi yote niliifanyia kwenye mashine za maabara, na kwenye ripoti nikaandika kwa kujiamini kwamba mstari mwekundu ndio wa algoriti yangu. Usiku wa kuamkia siku ya kuitetea mbele ya jopo niliongeza vipimo vichache, nikachora grafu upya kwenye laptopu yangu. Skripti ni ile ile, kwa hiyo sikuangalia rangi. Kesho yake mhadhiri mmoja akafungua ukurasa, akauliza, "Mstari mwekundu uko wapi?" Haukuwepo. Kulikuwa na zambarau, kijani na samawati. Nilibabaika mpaka mwenzangu akanionea huruma.

Baadaye ndipo niligundua: maabara ilikuwa na toleo la 4.6, mimi nilikuwa na 5. Lakini kwa nini mtu abadilishe rangi za programu inayotumiwa na watu miaka yote hiyo? Hapo nikaanza kuchimba.

gnuplot ilianza mwaka 1986 kwa Thomas Williams na Colin Kelley, katika Chuo Kikuu cha Villanova, Pennsylvania. Mmoja alikuwa akisoma sumakuumeme, mwingine milinganyo ya kalkulasi, na wote walitaka kuona hesabu hizo kwa macho. Bahati nzuri walikuwa wakisimamia kompyuta za maabara ya uhandisi wa umeme, basi skrini za kuchorea walikuwa nazo. (Jina nalo lina kisa. Williams alitaka llamaplot, Kelley akataka nplot. Wakakubaliana newplot, kumbe kulikuwa na programu mbovu ya Pascal yenye jina hilo hilo. Wakacheza na sauti, ikawa gnuplot. Haihusiani na mradi wa GNU, ingawa gnu ni nyumbu, wale wale wetu wa Mara.)

Sasa jiweke kwenye viatu vyao. Grafu moja ingeweza kutokea kwenye skrini ya rangi, kwenye skrini ya herufi tupu, kwenye printa ya nyeusi na nyeupe, au kwenye mashine inayoshika kalamu halisi ya wino na kuitembeza juu ya karatasi. Ukisema "nyekundu", nusu ya vifaa hivyo havitakuelewa. Kwa hiyo mtumiaji alitaja nambari tu, na kila kifaa kikaitafsiri kadiri ya uwezo wake. Kwa mashine ya kalamu, nambari ilichagua kalamu. Kwa PostScript ya nyeusi na nyeupe, 1 ilikuwa mstari mzima, 2 na 3 zikawa za vipande vipande. Kwenye skrini nyingi, 1 nyekundu, 2 kijani, 3 buluu.

Terminali inayoitwa dumb bado ipo mpaka leo, nayo inachora kwa herufi tu: mstari wa kwanza ni nyota, wa pili ni alama ya reli, na nukta ni A, B, C. Nimeshaitumia nikiwa nimeingia kwenye seva ya mbali isiyo na skrini, ikanitoa jasho lakini ikanipa jibu.

Huo mpango ulikuwa wa busara mwaka 1986. Shida ni kwamba vifaa vya kalamu viliondoka, nambari zikabaki. Watu wakazoea kwamba 1 ni nyekundu, kumbe hakuna aliyewaahidi hivyo. Grafu nzuri kwenye skrini ikiingia kwenye faili la PDF, inatoka na sura nyingine. Toleo la 4.6, la mwaka 2012, lilileta amri ya set linetype ili mtu aamue mwenyewe nambari ina maana gani.

Toleo la 5.0, la Januari 2015, ndilo lililokata shauri: rangi nane zenye mpangilio mmoja kwa terminali zote. Vipande vya mstari navyo vikatenganishwa na rangi, vikapewa neno lao, dashtype. Na nyekundu na kijani hazikuwekwa tena bega kwa bega, jozi ambayo wenye upofu wa rangi hiyo huona kama kitu kimoja. Kwa wanaume wenye asili ya kaskazini mwa Ulaya hao ni kama 8 kwa kila 100. Kuna hata orodha nyingine, podo, iliyotokana na makala ya Bang Wong katika Nature Methods ya mwaka 2011 kuhusu jambo hilo hilo. Wanaolilia zamani waliachiwa mlango:

set colorsequence classic

Mstari huo mmoja ungeniokoa siku ile. Lakini kusema kweli siuweki, maana jopo lile lingeweza kuwa na mtu asiyeitofautisha nyekundu na kijani, nami nisijue. Siku hizi nafanya hivi:

set linetype 1 lc rgb 'black' dt 1 pt 7
set linetype 2 lc rgb '#0072B2' dt 2 pt 4
set linetype 3 lc rgb '#E69F00' dt 3 pt 9

pt 7 ni duara lililojazwa, 4 ni mraba mtupu, 9 ni pembetatu iliyojazwa. Andika test uone zote ambazo terminali yako inazo. Amri ya reset haifuti linetype, kwa hiyo zikae kwenye faili la .gnuplot nyumbani kwako. Na kwenye maandishi siku hizi naandika "mstari wenye miraba", hata ukichapishwa saibani kwa wino mweusi uliokaribia kuisha.