Maakuli ya Eldoret: Yaliyopita Hotelini na Yaliyobaki Jikoni

Mwenye kutaka kuijua taarikhi ya mji wa Eldoret aghalabu huelekezwa kwenye ramani za mashamba, kumbukumbu za reli na majina ya wakimbiaji walioueneza mji huo duniani. Walakini iko hazina nyingine, iliyo karibu zaidi na maisha ya watu, ambayo haijapewa haki yake, nayo ni maakuli: yale yanayopikwa majumbani asubuhi na jioni, na yale yanayouzwa mchana katika hoteli na vibanda kutoka Barabara ya Uganda hadi Langas na Huruma. Nimekusudia kueleza jinsi meza ya mji huu ilivyoandaliwa na mikono mingi kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja, na kuthibitisha jambo moja ninaloliamini kwa dhati, kwamba katika vyakula vyote vilivyopanda nyanda hizi, vilivyodumu ni vile vilivyokubaliwa na jiko la nyumbani, na kwamba hoteli, pamoja na fahari yake yote, imekuwa ikilifuata jiko hilo wala haikulitangulia.

Maziwa na wimbi

Nyanda za Uasin Gishu, zilizoinuka takriban mita 2,100 juu ya bahari, zina baridi ya asubuhi, mvua ya kutosha na majani mabichi kwa miezi mingi ya mwaka, na kwa sababu hiyo zilikuwa malisho kabla ya kuwa mashamba. Wamaasai wa Uasin Gishu, ambao jina lao ndilo lililobaki kwa nchi yenyewe, walichunga hapa hata waliposhindwa katika vita vya karne ya 19, na baada yao Wanandi wakaleta mifugo yao. Misafara ya tijara kutoka pwani, iliyokuwa na vituo Baringo na Mumias, iliiogopa nchi ya Wanandi na ilipoweza iliipita kando. Ndiyo maana pilau na sambusa hazikufika huku kwa miguu ya wapagazi, bali zilingoja zama nyingine na njia nyingine.

Chakula cha wenyeji kilisimama juu ya nguzo mbili, maziwa na wimbi. Wimbi ulisagwa kwa jiwe ukasongwa kuwa kimyet, ugali mweusi wenye kushibisha. Ukaliwa pamoja na mboga za majani kama mgagani na mnavu, ambazo leo sokoni huitwa saga na managu, zikapikwa kwa maziwa ili uchungu wake upungue. Nyama ilikuwako, na damu ya ng'ombe ilikuwako kwa nyakati zake, lakini heshima ya nyumba ilipimwa kwa maziwa, na hasa kwa maziwa ya kibuyu yaitwayo mursik.

Utengenezaji wa mursik wastahiki kuelezwa kwa utaratibu, maana ndani yake mna ilimu kubwa iliyohifadhiwa na wanawake bila kuandikwa. Maziwa huchemshwa, kisha huachwa yapoe kabisa. Kibuyu, ambacho kwa Kikalenjin ni sotet, husafishwa na kukaushwa. Kijiti cha mti wa senetwet huchomwa hata kiwe kaa, na kaa lile husuguliwa ndani ya kibuyu kwa ufito uitwao sosiot, hata ukuta wa ndani ugeuke mweusi na kuanza kunukia moshi. Ndipo maziwa humiminwa, kibuyu kikafunikwa na kuwekwa mahali pa baridi kwa siku kadhaa, au kwa majuma ikiwa mwenye nyumba ana subira. Yanapofunguliwa huwa yameganda. Hutikiswa kwa nguvu, na humiminwa yakiwa na rangi ya kijivu inayoelekea buluu, yenye chembe ndogo ndogo za mkaa, na ladha kali ambayo mwishowe huacha moshi kooni. Aliyezoea huweza kutambua, kwa funda la kwanza, kama kaa lilisuguliwa vema na kama maziwa yalipoa kabla ya kutiwa.

Gari la ng'ombe na meza ya wageni

Baada ya Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, kuuawa mwezi wa Oktoba 1905, watu wake walisukumwa katika hifadhi na nyanda zikafunguliwa kwa walowezi. Mwaka 1908 karibu familia 50 za Makaburu kutoka Afrika Kusini, zikiongozwa na Jansen van Rensburg, zilishuka Mombasa kwa meli, zikapanda reli hadi Nakuru, na kutoka hapo zikaingia Uasin Gishu kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Mwaka 1910 posta ilifunguliwa katika shamba nambari 64, ambalo wenyeji mpaka leo hulitaja kwa jina la Sisibo, na mwaka 1912 mahali hapo pakapewa jina la Eldoret.

Kwa kuwa reli haikufika mpaka mwaka 1924, kila kilo ya sukari na kila mfuko wa chumvi ulitoka stesheni ya Londiani kwa gari la ng'ombe, katika njia ambayo wakati wa masika ilikuwa matope matupu. Hali hiyo iliwalazimu walowezi kula walichoweza kukihifadhi wenyewe, nao walikuwa na desturi zilizofaa: nyama iliyokatwa vipande virefu, ikatiwa chumvi na kukaushwa kwa upepo; na mkate uliookwa mara mbili hata ukauke, ukachovywa katika kahawa. Waingereza waliowafuata walileta nyama ya kuoka, viazi na vitamutamu vya mayai na maziwa, vikaandaliwa katika hoteli na vilabu ambavyo Mwafrika hakuingia ila kwa mlango wa jikoni, akiwa mpishi au mtumishi.

Meza hiyo, ijapokuwa ilitawala mji kwa nusu karne, ilisafiri pamoja na wenyewe. Uhuru ulipokaribia, Makaburu wengi walirudi kusini, na nyama yao kavu ikaondoka nao. Na ukipita leo mitaa ya Eldoret ukauliza mkate ule mkavu, hutampata mwenye kukujibu. Jibini yenyewe, ambayo kampuni ya Doinyo Lessos imekuwa ikiitengeneza mjini humo kwa miaka mingi na kwa ufundi wa kusifika, huliwa zaidi na wageni na watu wa miji mikubwa, ilhali katika nyumba nyingi za wenyeji, wenye maziwa tele na ustadi wao wa kuyagandisha, ingali mgeni. Vilivyobaki vya walowezi ni vile vilivyobadilishwa mikononi mwa wengine: ngano, mahindi, na ng'ombe wa maziwa mengi.

Posho

Mahindi yalijulikana pwani tangu zama za Wareno, lakini katika Uasin Gishu yalitawala kwa njia ya mshahara. Mfanyakazi wa shamba la mlowezi, akiwa Mnandi aliyerudi kama kibarua katika ardhi aliyoichunga baba yake, au Mluhya, Mjaluo na Mkikuyu aliyekuja kutafuta rizki, alipewa pamoja na fedha kidogo kipimo cha unga wa mahindi, kwa kawaida ratili mbili kwa siku, nacho kikaitwa posho. Unga huo haukuwa chaguo lake. Lakini mkewe aliupokea, akaupika kama alivyojua kupika wimbi, akauweka kando ya mboga ile ile na maziwa yale yale, na katika umri wa kizazi kimoja au viwili posho ya mzungu ikawa ugali wa nyumba.

Sababu za ushindi wa mahindi ni za wazi. Wimbi wataka palizi nyingi, wataka watoto wa kuwafukuza ndege, na wataka mikono ya kuusaga. Bali hindi limevikwa maganda yake, na kinu cha mashine hulimaliza gunia kabla mama hajapumzika. Baada ya mwaka 1956, ilipoundwa Kampuni ya Mbegu ya Kenya mjini Kitale, na hasa baada ya mbegu chotara ya H611 kutolewa mwaka 1964, mavuno yaliongezeka kwa wakulima wadogo na wakubwa, na Uasin Gishu pamoja na Trans Nzoia zikawa ghala la nchi nzima. Hata hivyo, ghala haliondoi utashi wa ulimi. Katika ukame wa mwaka 1984, serikali ilipoagiza mahindi ya njano kutoka ng'ambo, watu waliyala kwa dhiki na kuyalalamikia rangi na harufu, kwa sababu mahindi meupe, ambayo mababu zao walipewa bila kuulizwa, yalikwisha kuwa kipimo chao cha chakula halali cha nyumbani.

Reli, duka na chapati

Reli ilipofika mwaka 1924, na baadaye kuendelea mpaka Kampala mwaka 1931, Eldoret iliunganishwa na bahari. Wafanyabiashara wa Kihindi, ambao wengine wao walikuwako tangu siku za magari ya ng'ombe, walipanua maduka yao ya sukari, mafuta, chumvi, majani ya chai na viungo. Na Waswahili, Wanubi na Wasomali waliokaa pembezoni mwa mji walileta wali wa pilau, mandazi na sambusa. Chai, iliyoanza kulimwa katika vilima vya jirani vya Nandi, ilikutana hapa na maziwa mengi, na kutokana na makutano hayo ikaenea chai ya maziwa inayochemshwa pamoja katika sufuria moja, ambayo leo hakuna ziara, msiba wala kikao cha posa kinachokamilika pasi nayo.

Kisa cha chapati ndicho kinachonifurahisha kuliko vyote. Ngano ya Uasin Gishu ilipandwa kwa ajili ya mkate wa mlowezi. Lakini mama wa Eldoret, ambaye hakuwa na joko la kuokea, alikuwa na jiko la makaa na kikaango, na kwa Mhindi alikwisha kuona unga ukikandwa kwa maji ya moto na mafuta, ukasukumwa, ukapakwa mafuta tena, ukaviringwa kama gamba la konokono na kusukumwa mara ya pili ili upate tabaka. Akaufanya wake. Kwa miaka mingi chapati ilikuwa chakula cha Krismasi, na watoto waliokua zamani hizo hukumbuka harufu yake tangu alfajiri ya sikukuu. Sasa huuzwa kila siku kando ya barabara, pamoja na maharagwe au ndengu, na ngano iliyokusudiwa meza ya wachache imekuwa riziki ya wote.

Vibanda, hoteli na heshima ya kibuyu

Baada ya uhuru mji ulikua kwa kasi. Kiwanda cha nguo cha Rivatex kilianzishwa mwaka 1976, Chuo Kikuu cha Moi mwaka 1984, na watu waliokuja kwa ajili ya kazi na masomo walitaka chakula cha mchana kilicho karibu, cha bei nafuu na cha kushibisha. Walioitikia haja hiyo hawakuwa wenye hoteli kubwa. Walikuwa kina mama wa Langas, Huruma na Munyaka, ambao mtaji wao wa kwanza ulikuwa sufuria za nyumbani. Ingia saa saba mchana katika kibanda kilichoezekwa mabati: mvuke umejaa, mwiko unapiga ukingo wa sufuria, ugali umekatwa kwa kisu vipande vya mraba na kuwekwa kwenye sahani pamoja na managu yaliyolala usiku kucha katika maziwa, nyama ya kukaanga au matumbo, na pilipili kando. Anayetaka samaki hupata samaki aliyeletwa kutoka Kisumu, anayetaka githeri huipata, na wakati wa msimu maembe kutoka Bonde la Kerio huuzwa mlangoni.

Meza hiyo ya pamoja haikukosa kujeruhiwa, kwa maana machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yaliwatoa maelfu ya watu katika nyumba zao za Uasin Gishu. Nalitaja jambo hilo kwa huzuni, na kwa hoja: kwamba hakuna sahani iliyo kamili Eldoret iliyotoka mikononi mwa kabila moja, na anayemfukuza jirani yake hufukuza sehemu ya chakula chake mwenyewe.

Hoteli kubwa nazo zilichukua muda kujifunza. Kwa miongo mingi ziliandaa nyama ya kuoka na viazi kwa mtindo wa waliokwisha kuondoka, kana kwamba chakula cha nyumbani ni aibu mbele ya mgeni. Kilichogeuza mambo kwa sehemu kubwa ni sifa ya wakimbiaji, ambao tangu enzi ya Kipchoge Keino, mshindi wa dhahabu ya mita 1,500 huko Mexico mwaka 1968, wameifanya dunia iulize watu hawa hula nini. Na ulimwengu ulipoona washindi wakipokewa kwenye uwanja wa ndege kwa kunyweshwa mursik kutoka kibuyuni, mwenye hoteli naye akatambua thamani ya kilichokuwa jikoni kwa mama yake. Leo ugali wa wimbi, managu na mursik vimeandikwa katika orodha za vyakula za hoteli za mji ambao mwezi wa Agosti 2024 ulipandishwa hadhi ukawa jiji.

Hilo ni jema, walakini lina hatari yake, na ndiyo sababu iliyonisukuma kuandika. Mursik sasa yauzwa katika chupa za plastiki, na kijana wa jiji aweza kuinywa kila juma pasipo kuujua mti wa senetwet wala kuushika ufito wa sosiot. Kama ni kweli, na naamini ni kweli, kwamba hoteli hulifuata jiko la nyumbani, basi jiko hilo likinyamaza hoteli itakuwa ikiiga kivuli. Yafaa kina bibi waulizwe na maneno yao yaandikwe wangali hai. Yafaa chuo kikuu kilichopo hapa kiyahesabu mapishi kuwa ilimu ya kutafitiwa sawa na vita na sheria. Yafaa shule zifundishe watoto, wavulana kwa wasichana, kuchoma kaa, kusonga ugali wa wimbi na kusukuma chapati. Zaidi ya yote, yafaa mwenye nyumba ya Eldoret, hata akikaa ghorofani, aweke kibuyu kimoja na akitumie, kwa kuwa chakula hiki hakikuhifadhiwa na sherehe wala na maonyesho, bali na watu waliokipika siku ya kawaida kwa ajili ya jamaa zao.