Kamera Ionayo Mbali

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa katika redio

Tafadhali wekeni madaftari tayari, maana leo kuna hesabu kidogo. Tutasimulia historia ya kamera, hasa ile kamera ndogo yenye lenzi ndefu, iwezayo kuleta karibu kitu kilicho mbali. Mwisho tutajifunza namna ya kuipima kabla ya kutoa fedha.

Ninayo sababu ya kulichagua somo hili. Miaka michache iliyopita kituo chetu kilichanga fedha, tukanunua kamera. Juu ya sanduku lake iliandikwa kwamba huvuta kitu karibu mara 100. Tulifurahi sana. Ikafika siku ya kutoa vyeti, na jioni bibi mmoja aliyejifunza kusoma uzeeni akaitwa mbele. Mimi nilikuwa nyuma ya watu. Nikamvuta karibu mpaka mwisho wa lenzi, nikapiga. Tulipoitazama picha tuliona kitambaa cheupe, na mahali pa uso palikuwa na doa jeusi tu. Hatukuweza kumwita bibi yule apokee tena cheti chake cha kwanza. Kosa lilikuwa letu: tuliisoma namba, lakini hatukujua maana yake.

Basi, tuanze mwanzo.

Yapata miaka 1,000 iliyopita, mwanachuoni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyeishi Misri, alieleza jinsi mwanga unavyopita katika tundu dogo na kuingia chumba chenye giza. Hata ninyi mwaweza kuliona jambo hili. Mchana wa jua kali fungeni madirisha yote, acheni tundu moja dogo. Ukutani mtauona mti ulioko nje, umepinduka, matawi chini na shina juu. Kamera zote ni wajukuu wa chumba kile.

Lakini picha ya ukutani hutoweka jua likizama. Mtu aliyeweza kuishika ni Bwana Niépce wa Ufaransa, kiasi cha mwaka 1826. Mwaka 1839 Mfaransa mwingine, Bwana Daguerre, alitangaza njia yake iliyokuwa bora zaidi. Mwaka 1888 Bwana George Eastman wa Marekani alianza kuuza kamera ya Kodak, yenye filamu ya kutosha picha 100. Mwenye kamera akiimaliza, aliipeleka yote kiwandani, ikasafishwa picha na kurudishiwa filamu mpya. Tangu hapo upigaji picha haukuwa tena kazi ya mafundi peke yao.

Hata hivyo, kitu cha mbali kiliendelea kuwa taabu. Mpiga picha aliyetaka kumwona ndege juu ya mti ilimbidi atoe lenzi fupi na kutia lenzi ndefu. Mwaka 1959 ilitokea lenzi iliyoitwa Zoomar, ya kampuni ya Voigtländer, iliyobuniwa na Bwana Frank Back. Ilikuwa lenzi ya kwanza ya namna yake kwa kamera za picha za kawaida zenye filamu ya milimita 35. Vioo vyake vya ndani vilisogea, ikaenda kutoka milimita 36 mpaka 82 bila kutolewa. Andikeni: 82 gawanya kwa 36. Jibu ni mara 2 na zaidi kidogo. Hiyo ndiyo maana ya neno "mara" juu ya sanduku: ni mwisho wa lenzi ugawanywe kwa mwanzo wake. Halilinganishi kamera na jicho lako.

Kisha filamu nayo ikapata mshindani. Mwaka 1969 Bwana Willard Boyle na Bwana George Smith, huko Marekani, walibuni kibamba kidogo kinachogeuza mwanga kuwa umeme. Mwaka 2009 walipewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Mwaka 1975 Bwana Steven Sasson wa Kodak aliunda kamera ya dijiti yenye uzito wa kilo 3.6 hivi. Picha yake moja haikuwa na rangi, ilikuwa na nukta 10,000 tu, na ilichukua sekunde 23 kuandikwa katika kanda ya kaseti. Usione vyaelea, vimeundwa.

Sasa tumefika kwenye kamera yetu. Wazungu huiita kamera ya daraja, kwa kuwa imesimama kati ya kamera ndogo ya mfukoni na kamera kubwa ya fundi. Lenzi yake haitolewi. Mwaka 2002 kampuni ya Panasonic ilitoa kamera iliyoitwa FZ1. Ilivuta mara 12, ilikuwa na mtambo wa kutuliza mtikisiko wa mkono, na mlango wake wa mwanga haukupungua hata lenzi ilipofika mwisho. Mwaka 2015 Nikon ikatoa P900, ivutayo mara 83, na mwaka 2018 P1000, ivutayo mara 125. Kwa hii ya mwisho, mtu huweza kupiga mashimo ya mwezi akiwa uani kwake.

Je, imewezekanaje lenzi ya namna hiyo kubebeka? Jibu liko kwenye kibamba cha mwanga. Filamu ya zamani ilikuwa na upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Kibamba cha P1000 kina upana wa milimita 6 hivi na kimo kisichofika 5. Eneo lake ni kama sehemu 1 kwa 30 ya filamu ile. Kibamba kikiwa kidogo, lenzi fupi hutosha kuvuta mbali. Lakini mwanga unaokusanywa nao huwa mdogo. Tena, lenzi ya P1000 ikinyooshwa mpaka mwisho, mwanga unaofika kwenye kibamba ni sehemu 1 kwa 8 tu ya ule wa mwanzo. Adhuhuri hutaona upungufu. Jioni utaona doa jeusi, kama tulivyoona sisi.

Kwa hiyo, ukienda dukani, pima mambo manne.

Kwanza, uliza lenzi inaanzia wapi. Lenzi ya mara 12 inayoanza kwenye 35 hufika 420. Inayoanza kwenye 24 hufika 288 tu. "Mara" ni ile ile, lakini urefu si ule ule.

Pili, uliza kama huko kuvuta ni kwa vioo au ni kwa hesabu za ndani. Kuvuta kwa hesabu ni kama kuongeza maji katika uji: sufuria hujaa, lakini unga ni ule ule. Mara 100 zetu, nyingi zilikuwa maji.

Tatu, ijaribu kivulini, usiijaribu juani peke yake. Nyosha lenzi mpaka mwisho, piga maandishi yaliyo mbali, kisha yasome.

Nne, iinue kwa mikono yako. P1000 ina uzito wa kilo 1.4.

Na ukishainunua, kumbuka kwamba mchana hewa ya moto hucheza kama mazigazi. Hakuna lenzi iwezayo kuituliza. Piga vitu vya mbali asubuhi.

Mwaka 2010 viwanda viliuza kamera za dijiti zaidi ya milioni 120. Mwaka 2020 hazikufika milioni 10, kwa sababu watu wengi wanatumia simu. Kwa sura ya mtu aliye karibu, simu inatosha. Kamera ya daraja ina faida kwa mwenye kutazama ndege, wanyama, au mpira uwanjani. Nasi tungefanya vema siku ile kusogea mbele hatua ishirini.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kibamba kidogo kina faida gani, na kina hasara gani?
2. Lenzi inaanza kwenye 24 na kuishia 600. Inavuta mara ngapi?
3. Ni kitu gani kingine mlichowahi kununua kwa kuamini namba iliyoandikwa juu yake?

Kwaherini, ndugu wasikilizaji, mpaka somo lijalo.