Mauaji ya Desemba katika Shaba ya Katanga

Kila ifikapo tarehe 9 Desemba, Lubumbashi, mji wa Kongo ambao Wabelgiji waliuita Élisabethville, haupaswi kuiacha siku hiyo ipite bila ya kuwakumbuka wafanyakazi wa shaba waliopigwa risasi mwaka 1941 katika uwanja wa mpira.

Kampuni ya Union Minière, iliyowaajiri, iliasisiwa mwaka 1906, reli ikafika 1910, shaba ya kwanza ikamiminwa 1911. Zama hizo mawe yalichimbuliwa kwa sururu na kupakiwa kwa chepe, na aliyekufa kwa maradhi ya kifua alitafutiwa badali kutoka mbali, kwa mkataba wa miezi michache. Kilichobadili desturi hiyo hakikuwa huruma, bali mashine. Zilipoenea katika miaka ya 1920 zile chepe kubwa za chuma ziendazo kwa mvuke, na ulipowashwa mwaka 1930 umeme wa maporomoko ya Mwadingusha, kampuni ilitambua ya kuwa fundi aliyekwisha kuzoea mtambo hapatikani kwa siku moja. Basi ikamjengea nyumba kambini, ikamruhusu kukaa na mkewe, ikampimia posho ya unga, na watoto wake ikawapima uzito. Wako wausifuo wema huo hata leo. Kwangu mimi ni wema wa mfugaji kwa ng'ombe wa maziwa.

Ubelgiji ilipotekwa mwaka 1940, shaba ikahitajiwa mno na Waingereza na wenzao, kazi ikazidi, bei za madukani zikapanda, ilhali ujira ulijikokota nyuma. Wafanyakazi, ambao sasa walijua thamani yao, wakagoma, msemaji wao akiwa Léonard Mpoyi. Gavana Amour Maron akaja uwanjani akawataka warudi kazini, wakakataa, askari wakafyatua risasi, na Mpoyi akawa miongoni mwa waliouawa. Hesabu ya maiti iliyotolewa na serikali na ile ya wenyeji hazijapatana mpaka sasa.

Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947 na kwa hiyo hakushuhudia, aliyachora mauaji hayo katika miaka ya 1970 na kumsimulia kwa Kiswahili mtaalamu Johannes Fabian, na simulizi lake ndilo nililolitegemea. Ajabu ni kwamba picha zake nyingi za historia zimehifadhiwa Amsterdam, hata mjukuu wa mgomaji akitaka kuziona sharti atafute nauli ya ndege.

Mwaka 1967 serikali ya Kongo huru iliitwaa migodi, iliyokuja kuitwa Gécamines, nayo ikadhoofika. Siku hizi mjini Kolwezi, kando ya mitambo mikubwa ya wageni, vijana wanachimba kobalti kwa sururu, bila mkataba, bila posho, wala hapana awapimiaye watoto wao uzito.