Charles City: kaunti ya mto na tumbaku

Ukiutafuta mji wa Charles City huko Virginia, Marekani, hutauona. Kuna mahakama ya kaunti, mashamba, misitu na makanisa, lakini mji haukukua. Sababu ni mto James. Kaunti imekaa kati ya mto huo na mto Chickahominy, na enzi za ukoloni wenye mashamba makubwa walikuwa na magati yao wenyewe. Meli kutoka Uingereza zilipanda mto hadi shambani, zikashusha nguo na samani, zikapakia mapipa ya tumbaku. Mji ungewauzia nini zaidi?

Kabla ya meli hizo walikuwapo Wachickahominy, wenyeji wa asili waliolima mahindi. Majirani zao wengi walikuwa chini ya mtawala Powhatan. Wachickahominy waliongozwa na baraza la wazee, na mwaka 1614 walifunga mkataba wao na Waingereza. Lakini tumbaku huchosha udongo upesi, na walowezi walitaka ardhi mpya kila mara. Tarehe 22 Machi 1622 wapiganaji wa Opechancanough, ndugu wa Powhatan, waliyashambulia makazi kando ya mto na kuua watu 347. Waingereza walilipiza kwa miaka mingi, wakichoma vijiji na mahindi. Kaunti yenyewe iliundwa 1634, ikiwa mojawapo ya nane za kwanza Virginia, na ilienea ng'ambo zote mbili za mto.

Ng'ambo ya kusini palikuwa na shamba la Flowerdew Hundred. Hesabu ya watu ya 1625 inawataja hapo Waafrika saba, akiwemo mama na mtoto wake mdogo. Hakuna hata mmoja aliyeandikwa jina. Miaka sita tu ilikuwa imepita tangu meli ya White Lion ilete Virginia mateka wa kwanza kutoka Angola, walioporwa kwenye meli ya Wareno. Mimi humfikiria sana mtoto yule, kwa sababu mwaka 1662 baraza la Virginia lilipitisha sheria kwamba mtoto hufuata hali ya mamaye: mama akiwa mtumwa, naye ni mtumwa, hata baba awe Mzungu huru.

Juu ya sheria hiyo yalisimama majumba ya matofali ambayo watalii huyapiga picha leo: Shirley, Westover, Berkeley. Marais wawili, William Henry Harrison na John Tyler, walizaliwa katika kaunti hii.

Lakini mzaliwa anayestahili kujulikana zaidi Afrika ni Lott Cary, aliyezaliwa mtumwa hapo karibu mwaka 1780. Alipelekwa Richmond kufanya kazi katika ghala la tumbaku, akajifunza kusoma, akaweka akiba hadi 1813 alipojikomboa pamoja na watoto wake wawili kwa dola 850. Mwaka 1821 alipanda meli kwenda Afrika Magharibi akiwa mhubiri wa Kibaptisti, na alifia Liberia 1828.

Wachickahominy nao hawakutoweka. Wengi bado wanaishi Charles City. Jimbo la Virginia liliwatambua rasmi 1983. Serikali ya Washington ilisubiri hadi Januari 2018, miaka 404 baada ya mkataba wao na Waingereza.