Maneno ya Pembe ya Wino

Mwanafunzi ajifunzaye Kiingereza cha juu hudhani ya kuwa maneno yale mazito yalizaliwa pamoja na lugha yenyewe. Sivyo. Katika karne ya 16 wataalamu wa Uingereza waliyachota kwa wingi katika Kilatini, na wenzao wakayaita maneno ya pembe ya wino, kwani siku hizo wino uliwekwa katika pembe. Thomas Wilson aliyadhihaki mwaka 1553. John Cheke wa Cambridge naye, alipofasiri Injili ya Mathayo, alikataa neno la Kilatini la akida wa askari mia, akaunda jipya kutokana na hesabu ile ya mia kwa Kiingereza tupu. Halikushika.

Lakini aliyeumia katika ugomvi huo si mtaalamu. Ni yule asiyepelekwa kusoma Kilatini, ambaye lugha ya mama yake ilianza kumpita. Huyo ndiye aliyekumbukwa na Robert Cawdrey, mwalimu wa shule, katika kamusi yake ya mwaka 1604 yenye maneno magumu yapata 2,500. Alitaja waziwazi ya kuwa ameiandika kwa ajili ya wanawake na wengineo wasio na elimu. Hata namna ya kutafuta neno aliwaeleza: lianzalo kwa a litafutwe mwanzoni mwa kitabu, lianzalo kwa v karibu na mwisho. Tusicheke, wengi wao hawakuwa wamepata kushika kamusi.

Nakala moja tu ya chapa ile ya kwanza ndiyo ijulikanayo leo, nayo imo katika maktaba ya Bodleian, Oxford. Nyingine, nadhani, zilichakaa mikononi mwa wasomaji.