Kutoka frasila mpaka tola: nani alishika mizani?



Tangu turudi, tumeshika tena kazi zile zile: muhogo, mawese, samaki na, kwa vijana wengi, dhahabu. Zote zinapita ku mizani ya mtu mwingine. Kwenye mikutano yetu malalamiko juu ya kilo yamekuwa mingi, na wengine wanasema huu ni ujanja mpya ulioletwa na vita. Hapana. Wazee wetu waliujua vizuri.

Tuanze na pembe. Kabla ya Wabelgiji, wafanyabiashara wa pwani kama Tippu Tip, aliyekuwa na makao yake Kasongo, walihesabu pembe za tembo kwa frasila, yaani karibu kilo 16. Frasila haikuwa kipimo cha Maniema. Ilikuwa kipimo cha biashara ya bahari, ya Unguja na Uarabuni. Muuzaji wa huku alijua uzito wa pembe kwa bega lake. Mnunuzi alijua zaidi: alijua frasila moja italeta kiasi gani ikifika Unguja, na pembe za ukubwa gani zinatafutwa. Wote wawili waliangalia pembe moja, lakini hesabu ilikuwa ya mmoja tu.

Halafu ikaja pamba, na hapa njo kazi ya mpimaji ilianza kuogopesha. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia Wabelgiji walijaribu pamba Nyangwe na kule Uele. Mwaka 1917 sheria ikafanya kilimo chake kuwa cha lazima: unapimiwa shamba, na ukikataa ni faini au gereza. Mwaka 1921 kampuni za pamba zikapewa kila moja eneo lake, na mkulima wa eneo hilo hakuwa na ruhusa ya kuuza kwingine. Bei ilipangwa na serikali. Sasa mkulima alibaki na nini cha kubishania? Vitu viwili tu: kilo, na kama pamba ni ya kwanza ao ya pili.

Uchambuzi ulianzia nyumbani. Watu wa nyumba nzima walikaa chini kutenga pamba nyeupe upande mmoja, na ile ya manjano ao yenye madoa upande mwingine. Siku ya soko kikapu kilibebwa kichwani kwa mwendo mrefu. Karani aliingiza mkono, akaangalia, na kwa neno moja kazi ya wiki nyingi iliweza kushushwa daraja la pili. Kisha mizani. Aliyesoma namba ni karani, aliyeiandika ni karani. Mkulima ambaye hakupita shule alisikia tu namba ikitajwa, akapokea franga zake. Wengine walijibu kwa namna yao: maji kidogo ndani ya pamba, ao jiwe katikati ya kikapu. Wakubwa waliita hiyo wizi. Kilo zilizopotea upande wa mkulima hazikupewa jina.

Lakini tusiseme kila mpimaji alikuwa mtu mubaya. Mara nyingi alikuwa mwenzetu, mtu wa mshahara mdogo, na juu yake kulikuwa bwana mwenye kutaka pamba nyingi kwa franga kidogo. Mimi ku kazi yangu nimeshika kikombe cha mgao wa chakula. Ukijaza sana, wa mwisho ku mstari anakosa. Ukipunguza, mama aliye mbele yako anakuangalia machoni bila kusema kitu. Kwa ile pamba, hakuna aliyemlipa karani ili amwangalie mama.

Kwa dhahabu, mambo yalibadilika mwaka 1982, wakati sheria ya Mobutu ilipofungulia raia wa kawaida uchimbaji na biashara yake. Ku karie za Kivu, na kwetu Misisi vilevile, neno linalotawala ni tola. Vijana wananiuliza: ni Kifaransa? Hapana, ni la Kihindi. Tola moja ni gramu 11.66, na huo ulikuwa uzito wa rupia ya fedha, sarafu iliyotembea India, Unguja mpaka kwa Wajerumani ng'ambo ya ziwa letu. Rupia imekufa zamani, uzito wake ungali unapima jasho la wachimbaji. Na kwenye sahani ya pili ya mizani ndogo bado wanaweka sarafu za zamani na vijiti vya kiberiti. Hapo kuwa macho: mtu akigandisha kitu kidogo chini ya sarafu yake, dhahabu yako inaonekana nyepesi.

Mizani ya sahani mbili ina mtihani wake. Pima dhahabu upande wa kushoto, kisha badilisha: dhahabu kuume, sarafu kushoto. Kama haitulii sawasawa mara zote mbili, mkono mmoja ni mrefu kuliko mwingine. Hiyo haigundui sarafu iliyoongezwa uzito. Hiyo uigeuze, uangalie chini yake.

Kwa mizani ya kutundika magunia, angalieni kwanza kama mshale umelala ku sifuri. Kisha tumieni maji, maana litre moja ya maji ni kilo moja. Mimineni litre 20 ndani ya bidoni, moja moja, mkizihesabu kwa sauti mbele ya mnunuzi. Na bidoni tupu ipimwe mbele, ili mtoe uzito wake.