Karatasi ya Italia, Mkono wa Siyu

Kazi yangu ni kushona vitabu hapa Mombasa, hasa juzuu za madrasa zilizolegea mgongo. Ndiyo maana watu wakisifu mwandiko wa misahafu ya Siyu, kisiwani Pate, iliyonakiliwa karne ya 18 na 19, mimi huanza kwa kuulizia karatasi na uzi.

Karatasi haikutengenezwa Siyu. Nyingi ilitoka Italia, ikapita kwa wafanyabiashara wa nchi za Kiarabu, ikashushwa pwani na majahazi. Ufundi ulianzia hapo. Wanakili wa Kiislamu walikuwa na ubao uliotandwa nyuzi sambamba. Karatasi ililazwa juu yake, ikasuguliwa kwa dole gumba, na kila uzi ukaacha mstari usio na rangi, unaoonekana ukiinamisha karatasi kwenye mwanga. Ukisugua mara moja tu, ukurasa mzima umeshapigwa mistari; sijui kazi ya karatasi yenye raha kuishinda hiyo.

Karatasi zilikunjwa kati, zikapachikwa moja ndani ya nyingine, mafungu yakashonwa pamoja. Kurasa hazikutiwa nambari. Badala yake, chini ya ukurasa wa kulia mwandishi aliandika neno linaloanza ukurasa unaofuata. Hata mafungu yakimtawanyika mshonaji, aliweza kuyapanga upya. Kisha Siyu ikaongeza la kwake: mashada na mafundo kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano. Mafundi wa ngozi ya majalada nao walikuwa papo hapo mjini.

Mwaka 1863 Siyu iliangukia mikononi mwa Sultani wa Zanzibar. Baadaye misahafu ya chapa kutoka Bombay na Cairo ikajaa madukani, na kunakili kukakosa soko. Wengi husema basi, mashine iliua ufundi. Lakini Muhamadi Kijuma wa Lamu, mshairi na mchonga milango aliyefariki mwaka 1945, aliendelea kunakili tenzi kwa kalamu, akilipwa na wataalamu wa Ulaya. Baadhi ya kazi zake ziko katika chuo cha SOAS, London. Chapa ilikuwepo, na bado mkono wake uliagizwa. Kilichopungua ni wateja wa kulipia kazi hiyo.

Mimi bado nalipwa kwa kushona. Kupiga mistari kwa nyuzi nafanya bure, kwa raha zangu.